Nilivyojifunza kusoma majina ya pwani ya Uskoti

Kwa mtu aliyezoea Kiswahili, lugha inayosomwa jinsi ilivyoandikwa, ramani ya pwani ya magharibi ya Uskoti inachosha macho. Herufi tele, na nyingi hazitamkwi. Mimi si mwanaisimu. Niko Glasgow kikazi, napenda kutembea pwani siku za mapumziko, na nilitaka kujua huko ninakokwenda panaitwaje na kwa nini.

Kilichonisaidia ni kuyaacha majina mazima na kushika neno la kwanza. Katika majina mengi ya Kigaeli, lugha ya jadi ya pwani hiyo, aina ya mahali hutangulia na sifa hufuata, kama kwetu: Eilean Mòr ni Kisiwa Kikubwa. Basi nikakusanya maneno machache. Rubha ni rasi, camas ni ghuba, tràigh ni ufuko. Caolas ni mlangobahari, na ndiko lilikotoka "Kyle" kwenye Kyle of Lochalsh. Inbhir ni mahali mto unapomwaga maji yake, kwa hiyo Inverness ni mdomo wa mto Ness. Sgeir ni mwamba unaochungulia juu ya maji. Bogha ni ule uliojificha chini yake, adui hasa wa nahodha. Ukiwa na hayo tu, unaona kwamba mengi ya majina haya yalitolewa na watu waliokuwa chomboni.

Matamshi yalikuja baadaye. Bh na mh kwa kawaida ni v, ingawa katika rubha sauti hiyo haisikiki kabisa. Na mòr hugeuka mhòr kufuatana na jinsi ya nomino, ya kike au ya kiume, kama Tràigh Mhòr kule kisiwani Barra, ufuko ambao ndege za abiria hutua juu ya mchanga maji yakitoka. Sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamika.

Kuna majina yaliyogoma kabisa kufunguka, kwa kuwa si ya Kigaeli asilia. Watu wa Norwei walivitawala visiwa vya pwani hii hadi mkataba wa Perth wa 1266, na Wagaeli wenyewe huviita Innse Gall, visiwa vya wageni. Mji wa Stornoway, au Steòrnabhagh, unabeba neno lao vágr, yaani ghuba. Mwisho "-aig" wa Mallaig na Arisaig ni vík, hori. Hata sgeir na bogha ni mikopo kutoka kwao. Tangu hapo nikikutana na jina gumu, nautazama mkia wake kwanza.

Jina ninalolipenda kuliko yote ni Tarbert, kwa Kigaeli Tairbeart, maana yake kuvusha kwa kubeba. Ni shingo nyembamba ya nchi ambapo vyombo viliburutwa kutoka maji haya hadi yale. Masimulizi ya Wanorwei yanasema kwamba mwaka 1098 mfalme wao Magnus aliahidiwa kila kisiwa ambacho angeweza kukizunguka kwa merikebu. Akaburutwa ndani ya merikebu yake kukatiza Tarbert ya Kintyre, rasi iliyoungana na bara, mwenyewe ameshika usukani, kisha akaidai Kintyre nzima kuwa kisiwa. Ujanja mtupu! Mwaka 1263 watu wa mfalme Haakon wa Norwei nao walivusha vyombo hadi ziwa la Loch Lomond, penye kijiji kinachoitwa Tarbet mpaka leo. Kwa hiyo nikiliona jina hilo kwenye ramani, kwanza natafuta maji ya upande wa pili. Kwa kawaida hayako mbali, na napata njia fupi ya kutembea.