Kutoka Mombasa hadi Maskati kwa Njia ya Bombay

Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakishuka Mombasa na kaskazi na kupanda tena na kusi, moja kwa moja, tangu enzi na enzi. Lakini baba alikuwa karani bandarini Kilindini, mtu aliyeamini karatasi kuliko upepo, na habari ya jahazi hakutaka kuisikia. Mwanzoni mwa 1971 alitukatia tiketi za meli ya Karanja mpaka Bombay. Huko tungepanda nyingine ya kutuleta nyuma, magharibi, hadi Maskati. Bibi alipoelezwa njia hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Huku ndiko kuzunguka mbuyu," alisema, "tena mbuyu wenyewe uko Bara Hindi!"

Chanzo cha yote ilikuwa barua ya ami. Yeye alitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Dubai, kwa sababu Sultani Said bin Taimur wa Omani hakuwa akiwafungulia mlango hivi hivi watu wa nje. Julai 1970 mwanawe, Qaboos, akachukua nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika, hasa wale waliosoma. Ami aliandika kwamba mtu anayejua Kiingereza na kupiga taipu atapata kazi kabla hajafungua sanduku. Baba alipiga taipu kwa vidole vyote kumi. Basi.

Sisi wa daraja la tatu tulijazana chini usiku, lakini mchana maisha yote yalikuwa deki. Mama alitandika mkeka karibu na mfuniko wa falka, mlango wa ghala la meli, akaweka birika, kopo la achari na papa mkavu aliyefungwa kwa magazeti, ambaye harufu yake ilitutambulisha kwa majirani kabla hatujajitambulisha wenyewe. Bibi alikuja na mbuzi ya kukunia nazi. Baba alishamwambia Maskati hakuna minazi. Alimjibu kwamba hata Mombasa minazi haikuota jikoni kwake.

Wengi wa majirani zetu walikuwa Wahindi, wa Mombasa, Nairobi, hata Kisumu. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ilikuwa imewabana wale wasiokuwa raia, wakafunga maduka. Nikikumbuka safari ile, wao ndio wanaonijia kwanza. Kulikuwa na msichana wa rika langu ambaye wazazi wake walisema Kigujarati, na mimi wazee wetu wakiwa na siri walijaribu Kiarabu chao kibovu, lakini sisi wawili tuligombana kwa Kiswahili tu. Tulicheza mdako. Meli ikilala upande, kijiwe ulichokirusha hakirudi ulipokitegemea, na kila mmoja alidai mwenzake ndiye mwizi. Mama yake alimweleza mama kwamba wanarudi kwao. Mama akasema, na sisi pia. Tukatazamana. Mimi sikuwahi kuiona Omani hata kwenye picha, na yeye alizaliwa Pangani, au ndivyo alivyojigamba. Hakuna mkubwa aliyetuuliza sisi tunakwenda wapi.

Mahé, kisiwa kikubwa cha Shelisheli, tuliiona kwa mbali. Meli ilitia nanga nje ya Victoria, abiria wachache wakashuka kwa mashua. Kiwanja cha ndege kilikuwa bado hakijafunguliwa, kwa hiyo kila kilichoingia visiwani humo kilipitia baharini. Baada ya hapo kaskazi ilitupiga usoni, na mama hakuinua kichwa tena. Bibi alimkamulia ndimu na kumwagia chumvi, huku mwenyewe akila biriani ya jikoni la Waislamu (Wahindu walikuwa na jiko lao) kama mtu aliye arusini.

Bombay nitaipita haraka, kama tulivyoipita sisi: joto, foleni, mizigo inayohesabiwa na kuhesabiwa tena. Msichana yule aliingizwa kwenye teksi kabla hatujaagana. Kisha tukapanda Dwarka, ndogo kuliko Karanja, tukagusa Karachi, na alfajiri moja tukaamshwa.

Maskati ilikuwa majabali meusi yasiyo na jani, na juu ya mawe hayo mabaharia walikuwa wameandika kwa rangi majina ya meli zao. Pembeni mwa bandari zilisimama ngome mbili, Jalali na Mirani. Kaka yangu akamvuta baba kanzu: "Baba, si tumerudi Mombasa?" Hakukosea sana. Zote mbili ni kazi ya Wareno, kama Fort Jesus. Waomani waliwafukuza hapa 1650, na 1698 wakawatoa na kule kwetu. Baba alituhadithia hayo yote tukiwa tumesimama kwenye foleni ya ngazi, kwa sababu gati la meli kubwa halikuwepo. Tulishushwa kwa mashua, bibi akiwa ameikumbatia mbuzi yake.

Ami alitupeleka Matrah, mji wa jirani. Njiani alisema tuna bahati: mwaka uliopita tu lango la Maskati lilikuwa likifungwa usiku, na ukitembea gizani bila fanusi unakamatwa. Shule rasmi nchi nzima zilikuwa tatu, zote za wavulana. Za wasichana ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, na mimi Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani, cha kusoma bila kuelewa. Nililia. Baba alianza kazi wiki ileile.

Siku ya kwanza sokoni, bibi alimshika muuza samaki kwa ishara, vidole juu, vidole chini, akimtaka apunguze bei ya nguru. Yule mzee alimwacha amalize, kisha akamwambia kwa Kiswahili safi cha mjini Unguja: "Bibi, hapa si Darajani."

Bibi alimrudisha samaki mezani. "Darajani kwa nani? Mimi mtu wa Mvita!"

Usiku ule tulikula dengu.