Taa za dashibodi zilizowaka kwa kupigwa kofi: nilivyozitengeneza

Miezi miwili nimeendesha usiku bila kujua niko spidi ngapi. Gari ni la 1998. Nikiwasha taa, za mbele na za nyuma zinawaka, ila geji ziko gizani. Ukiipiga dashibodi kofi, upande wa mafuta unawaka. Ukivuka tuta, unazima.

Fyuzi ilikuwa nzima. Kigurudumu cha kupunguza mwanga nimekizungusha mpaka kidole kimechoka. Nikanunua globu mpya nne, zikawaka siku moja tu.

Jumamosi nikachomoa waya wa hasi kwenye betri, nikafungua skrubu, nikazivuta geji nje. Nyuma yake kuna karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na kila globu inakaa kwenye holda ndogo inayofungwa kwa kuizungusha. Kumbe visikio viwili vya shaba vya holda vilikuwa vimelala, na pale vinapogusa karatasi pameota weusi. Niliusugua kwa raba ya penseli ya mwanangu (msasa usiguse, utakula shaba), kisha nikanyanyua visikio kwa ncha ya sindano, kama milimita moja. Awali holda zilikuwa zinazunguka zenyewe. Safari hii zilibana, zikalia "tki".

Ukiweka globu za LED na moja ikagoma, ichomoe uigeuze kabla hujaitupa, maana zina chanya na hasi.

Wiki ya tatu sasa, matuta yote ya mtaani nimeyapita, na mshale wa mafuta nauona. Uko chini, lakini nauona.