Shotigani ya kwanza ya binti yangu, bega lilivyopona

Huku Texas binti yangu wa miaka 13, mwembamba kama ufito, alitaka tulenge wote sahani za udongo zinazorushwa hewani, nikampa geji 12 yangu, shotigani ya mtutu mpana, risasi ya pili tu bega jekundu na akaanza kufumba macho kabla hajafyatua. Nikakimbilia .410 nyepesi, shotigani ya mtutu mwembamba, kosa jingine hilo, marisau machache mno, anakosa kila sahani mpaka akanuna.

Kilichotuokoa ni geji 20, mtutu wa kati, semi-otomatiki ya gesi, yaani inajipakia yenyewe kwa gesi ya risasi, ina kauzito kidogo na ile gesi inapunguza teke la bunduki begani, nikaifunga kitako kifupi, inchi 13 toka triga mpaka mwisho, na risasi laini za marisau gramu 25. Jumamosi kavunja 11 kati ya 25, bega wala haliumi.