Nimefunga tairi la gari nyuma ya pikipiki, nimelitoa, na halijaniangusha hata siku moja

Kila nikisimama mahali na ile kruza yangu, yaani pikipiki kubwa ya safari ndefu, kuna mtu atainama nyuma aangalie, anyooke, ainame tena, alafu aulize "hilo si tairi la gari hilo?" Ndiyo, lilikuwa tairi la gari. Nimetembea nalo kilomita 31,000, mwezi uliopita nimelitoa, na kwa vile nimechoka kueleza moja moja basi naandika hapa mara moja iishe.

Pikipiki yenyewe ni Honda Valkyrie, ile ya silinda 6, cc 1520, madude yaliyotoka kuanzia 1996 hadi 2003. Ni nzito, kavu tu inapita kilo 300, ukiweka mtu na mizigo unajua unaendesha nyumba. Nyuma inavaa tairi la 180/70R16 (upana milimita 180, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16). Sasa shida ya kruza nzito ni kwamba muda mwingi inakwenda wima barabara iliyonyooka, kwa hiyo tairi linaliwa katikati peke yake. Pembeni kashata (ile michoro ya mpira inayogusa lami) bado mpyaaa kama jana, katikati kipara kama sahani. Langu la mwisho lilifika kilomita 13,000 nikawa naona aibu kulitazama. Ukifanya hesabu hiyo mara tatu nne ndo unaanza kusikiliza watu wa upande wa giza, maana huko Marekani wanaofunga tairi la gari nyuma wanajiita hivyo kabisa, wenyewe wanacheka nalo.

Wanachokuambia ni hiki: tairi la gari ni bapa, mpira wake mgumu zaidi, kashata nene, litakaa mara mbili tatu ya lile la pikipiki. Alafu linabeba. Hapo hawadanganyi. La pikipiki langu lilikuwa na namba 77 ubavuni, yaani kilo 412, la gari nililochukua 205/60R16 lina 92, ambayo ni kilo 630. Kwa kimo pia hawapishani sana, ukikokotoa lile la kwanza lina milimita 658 kutoka chini hadi juu, la gari 652, kwa hiyo spidi mita inadanganya kidogo tu. Mi pikipiki yangu haina ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga), lakini kama yako inayo, na hasa kama ina kompyuta inayolinganisha mzunguko wa gurudumu la mbele na la nyuma, hicho kimo usikichukulie poa.

Wasichokuambia kwa sauti ni habari ya mdomo wa tairi. Pale tairi linapokaa kwenye rimu, rimu ya pikipiki na rimu ya gari hazikuchongwa sawa hata kama zote zimeandikwa 16. Umbo la kikalio ni tofauti, na mdomo wa tairi la gari umetengenezwa ukalie umbo la gari. Juu ya hapo rimu yangu ina upana wa inchi 5 wakati tairi la 205/60 linataka kuanzia 5.5. Kwa hiyo kabla hujagusa hata spana umeshavunja maelekezo mawili, na watengeneza tairi wanasema wazi msifanye. Bima nayo, siku ukipata ajali, usidhani hawatainama kuangalia kama wale jamaa wa barabarani.

Nilipima kwanza. Nafasi kati ya tairi na swingiamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), nafasi chini ya madigadi, upande wa shafti. Hii yangu inaendeshwa kwa shafti kwa hiyo kuna pa kupumulia, wenye mkanda pembeni ya gurudumu mtahangaika, mpira ukigusa mkanda safari imeishia hapo. Nikafungua gurudumu mwenyewe, nikalipeleka kwa fundi wa tairi. Wa kwanza aliliangalia, akaliangalia tairi, akaniangalia mimi, akasema "kaka hii kazi siifanyi." Nikamheshimu, kusema kweli. Wa pili alikubali kwa masharti, eti likipasuka yeye hayumo.

Kulivisha halikuwa tatizo, tatizo ni kulikalisha. Unajua tairi likikaa vizuri linalia pa! upande huu, pa! upande huu. Upande mmoja ukalia kwenye psi (kipimo cha upepo) 30 hivi. Wa pili kimya. 35, kimya. 40, kimya. Na 40 ndo mwisho, tairi za gari nyingi zimeandikwa kabisa ubavuni usipite 40 wakati wa kulikalisha, sababu mdomo una waya za chuma ndani na ukikatika ule upepo wote unatoka kwa mkupuo, wapo watu waliopoteza mikono na wengine maisha kwa mchezo huo. Fundi akataka kuongeza. Nikamwambia hapana, toa upepo wote. Tukapaka sabuni upya, tukalizungusha kwenye rimu, tukajaza tena, kimya. Mara ya tatu tukaliacha juani likapata joto, mpira ukalainika, ndo likalia kwenye 38. Baada ya hapo nikapitisha kidole kwenye ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na ukingo wa rimu, lazima uwe umbali uleule kuzunguka pande zote, kama sehemu moja umezama basi tairi halijakaa hata kama limelia. Watu wanasahau huo mstari. Mtu akikuambia alikwenda 60 psi na halikumfanya kitu, mwache na bahati yake.

Haya, barabarani. Mita mia za kwanza nilitaka kurudi. Tairi la pikipiki ni duara, ukiilaza pikipiki sehemu inayogusa lami inahama taratibu kuelekea ubavuni, wala huisikii. La gari linasimama kwenye ukingo wake. Ukiilaza linabisha, linataka kuinuka, kwa hiyo kona nzima unasukuma hendo ya upande wa ndani, ukiachia tu pikipiki inajinyanyua na kwenda nje ya kona. Nilianza na upepo wa psi 36, likawa gumu kama gogo. Nikashusha 32, nikashusha 28, hapo ubavu ukaanza kujikunja kidogo kwenye kona na likawa linavumilika. Barabara iliyoinamia pembeni inakuvuta kule inakoinamia, na ile mifereji inayoachwa na malori tairi linaifuata kama ng'ombe anayejua njia ya kwao.

Lakini wima! Wima ni raha tupu. Breki ya nyuma inashika, mzigo haliusikii. Na kona za kawaida mwili unazoea, baada ya wiki mbili nilikuwa sifikirii tena. Hapa ndo naelewa kwa nini hii kitu iko kwa wenye kruza na sio kwa wenye pikipiki za mbio, kruza haina pa kulalia sana, kabla tairi halijafika mwisho wake vikanyagio vimeshaanza kukwaruza lami. (Wenye magurudumu matatu au kitoroli cha pembeni hawamo kwenye ubishi huu, yao hazilali kabisa, tairi la gari kwao ni jambo la kawaida.)

Sasa kwa nini nimelitoa? Halikupasuka, halikuteleza hata kwenye mvua. Ni kwamba siku moja nimetoka na mwenzangu, tumefika njia panda, kulia kuna barabara ya kona kona ya mlimani ambayo zamani nilikuwa naizungukia makusudi, kushoto barabara pana imenyooka. Nikakata kushoto bila kufikiri. Mwenzangu akaniuliza mbona, sikuwa na jibu. Usiku nikawa nakumbuka, mwaka mzima na zaidi ule mlima sijaupanda hata mara moja. Tairi lilikuwa limeshaanza kunichagulia njia na mi nilikuwa nasema tu siku hizi nimezeeka.

Nikaagiza la pikipiki, 180/70R16, likakaa kwenye rimu kwa psi 30 na ushei bila sabuni nyingi wala jua. Rimu niliikagua kote, haina alama. Nikapanda mlima kesho yake. Kona ya kwanza nilisukuma hendo kwa nguvu ya mazoea na nikaingia ndani mno, karibu nipande ukingo, mwili ulikuwa bado unabishana na tairi ambalo halipo.

Lile la gari liko ukutani, kashata bado milimita 5. Kuna jamaa mwenye kruza analitaka, anasema yeye anasafiri njia ndefu tu zilizonyooka, na kwa safari zake nadhani kweli linamfaa kuliko mimi. Nimemwambia aje na rula kwanza, tupime swingiamu yake.