Ukitaka kurekebisha tovuti ya maktaba, nyamaza umwangalie anayeitumia

Kwenye kazi zote za tovuti ya maktaba, ninayoipenda zaidi ni kumkalisha mtu mbele ya skrini, unampa kitu cha kutafuta, afu unakaa kimya. Kukaa kimya ndo kugumu. Mtu akikwama unatamani umwonyeshe pa kubonyeza, hasa sisi watu wa maktaba maana kuelekeza ndo tumezoea, ila ukishamwonyesha tu basi hutajua tena angeenda wapi mwenyewe. Mwombe aseme kwa sauti anachokiona na anachotegemea kitokee, na akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie swali, "ungekuwa peke yako ungefanyaje?"

Afu kuna maswali yenyewe ya jaribio, hapa timu nyingi zinaharibu kabla hata hazijaanza. Ukimwambia mtu "tumia katalogi utafute kitabu hiki" tayari umeshampa jibu, manake neno katalogi (yaani orodha ya vitabu vya maktaba) liko kwenye menyu na macho yataenda hapohapo. Mwambie hivi: mwalimu wako amekutajia kitabu hiki, unakitaka leo, hebu angalia kama kipo na utakichukulia wapi. Hapo sasa utaona mambo. Mmoja ataandika jina la kitabu kwenye kile kisanduku cha juu kinachotafuta kurasa za tovuti tu na sio vitabu, ataletewa tangazo la semina iliyopita zamani, na ataondoka akiamini kitabu hakipo wakati kiko rafuni. Mwingine atakipata vizuri kabisa ila ile namba ya rafu haimwambii kitu, hajui ni ghorofa gani wala aanzie upande gani. Mwingine anatafuta makala, anaingiza neno la siri, anafika mbele anaambiwa aingie tena, anaacha. Kwangu mimi hao wote wako sawa, tovuti ndo imewaangusha.

Na majina ya kwenye menyu tusiyachukulie poa. John Kupersmith, mkutubi wa Marekani, alikusanya matokeo ya majaribio ya maktaba nyingi, na yaliyokuwa yanawakwamisha watu ni yaleyale, vifupisho, majina ya mifumo, hifadhidata, rejea. Andika "tafuta makala" au "ongeza muda wa kitabu", mtu anajua anachofuata.

Watu wangapi wanatosha? Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya tovuti ziwe rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kuibua kama asilimia 85 ya matatizo, na watu wanaikumbuka hiyo watano tu wanasahau alichosema pamoja nayo, kwamba ni bora ujaribu na watano, urekebishe, ujaribu tena na wengine, na kwamba kama una makundi yanayotumia tovuti tofauti kabisa basi kila kundi lijaribiwe. Maktaba ina makundi hayo tele. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mtafiti hawatafuti kwa njia moja, na asiyeona anayesikiliza skrini ikisomwa na programu ndo kabisa, yeye akikutana na linki kumi zote zinasema "bofya hapa" hana pa kushika. Na wengine wafanye kwa simu zao wenyewe, sio kompyuta ya ofisini, manake kwenye simu vile vichujio vya mwaka na aina ya kitabu mara nyingi vinajificha nyuma ya kitufe ambacho hakuna anayekigusa.

Kuuliza "umeionaje tovuti?" mwishoni sio vibaya, ila usiliegemee sana. Watu wana adabu, mtu ameshindwa kazi tatu na bado atakuambia ni nzuri. Angalia alichofanya.

Mkishamaliza, kaeni siku hiyohiyo mchague machache yaliyowakwamisha wengi mrekebishe, msisubiri tovuti mpya. Mimi ningeanzia na ule ukurasa unaotokea mtu akikosa matokeo, kwenye tovuti nyingi umeandikwa "hakuna kilichopatikana" basi, wakati mtu yuko hapohapo na bado anakitaka kitabu. Wekeni tahajia inayokaribiana, linki ya kutafuta kwenye vitabu na makala, na namna ya kumuuliza mkutubi, afu mwiteni mtu mwingine mumwangalie anavyoutumia.