Nilivyopata majina ya wanafunzi wa kwanza wa shule ya parokia yetu

Paroko aliponiomba niandike historia ya parokia yetu na shule yake kwa ajili ya jubilei, nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ya kanisa yalipatikana upesi: wamisionari wa shirika la Wapasionisti kutoka Italia, Prefektura ya Kitume ya Dodoma (eneo la misheni ambalo bado halijawa jimbo) mwaka 1935, hadi Jimbo Kuu mwaka 2014. Shule ndiyo iliyonitoa jasho. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za misheni, na yetu ikaenda. Katika kukabidhiana, madaftari ya mahudhurio yakapotea. Mwalimu mkuu alinifungulia stoo kwa moyo mweupe. Daftari kongwe tulilolikuta lilikuwa la miaka ya 1970.

Nikarudi ofisini kwa paroko, nikaomba daftari la ubatizo. Limeandikwa Kilatini, wino umegeuka kahawia, kona zimeliwa na mchwa. Kila mstari una namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi na padre. Pembeni huandikwa kipaimara na ndoa, hata ndoa iliyofungwa parokia ya mbali, maana sheria ya Kanisa inataka taarifa irudi pale mtu alipobatizwa. Ndivyo nilivyojua nani bado yuko jirani.

Siku ya tatu ndipo nikaliona. Watoto wachanga walibatizwa mmoja mmoja, lakini Pasaka moja ya miaka ya 1940 walikuja wavulana na wasichana wakubwa 22 siku moja, wengi wao wakisimamiwa na mtu mmoja, katekista. Hawakuwa ndugu. Lilikuwa darasa! Zamani zile katekista ndiye mwalimu: anafundisha kusoma, kuandika na katekisimu, kisha anawapeleka wanafunzi wake pamoja kwenye kisima cha ubatizo.

Nikanakili majina, nikavuka korongo kwenda kwa bibi ambaye jina lake lilikuwa la tisa.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Kaa."

Nilipotaja Antonius, akanizuia. "Wa nani huyo?" Nikasoma jina la baba. Uso ukamchangamka. "Aa! Huyo ndiye mgonga reli." Kengele yao ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkwaju, na yeye ndiye aliyeaminiwa nyundo. Bibi akaendelea hivyo kwa kila mmoja, nani alikaa na nani, nani alikuja akiwa amekwisha chunga ndama. Nilijaza kurasa sita.

Mwishoni akasema, "Umemwacha dada yangu."

"Hayumo humu, bibi."

"Hawezi kuwamo. Baba alikataa asibatizwe, ng'ombe wa mahari walikwisha pokelewa. Lakini kusoma alisoma. Alikaa kulia kwangu. Kibao tulikuwa nacho kimoja, tukipokezana."

Nikamwomba jina. Alilitaja mara mbili, polepole, nisikosee. Katika kitabu cha jubilei yapo majina 23.