Nilivyoujua moyo kwa msaada wa bucha ya Kibuye

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomea unesi hapa Kisumu, kitu kilichonitoa jasho kilikuwa moyo. Mifupa 206 niliikariri, safari ya chakula tumboni haikunisumbua. Lakini kila nilipochora moyo, damu iliyotoka mapafuni niliipeleka kulia, na inayorudi kutoka mwilini nikaiweka kushoto. Jaribio la kwanza nilipata alama 11 kwa 30. Nilirudi chumbani Manyatta nikajifungia.

Kilichonipoteza ni kwamba picha za vitabuni humchora mtu akiwa amekutazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Mwalimu alilisema mara moja akaendelea, nami sikulishika.

Jioni ile nilimpigia dani, nyanya yangu, nikamwambia moyo umenishinda. Akaniuliza, "Chuny au adundo?" Kwa Kijaluo chuny ni ini, na ndiko huzuni na furaha zinakokaa. Adundo ni kile kinachodunda kifuani. Nikamjibu adundo. "Basi hicho kinauzwa bucha, mjukuu wangu. Nenda ukanunue."

Jumamosi nikaenda soko la Kibuye. Mioyo niliyoikuta ilikuwa imepasuliwa vibaya, haina hata mshipa mmoja. Mwenye bucha akanieleza kwamba mkaguzi wa nyama lazima aukate moyo wa ng'ombe atafute mabuu ya tegu, na mishipa huondolewa kwa sababu hakuna anayeila. Nikamweleza shida yangu. "Sista, rudi Jumanne asubuhi. Nitakuwekea wenye shingo yake." Shingo ndilo jina aliloipa aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, na mpaka leo nikiiona naikumbuka hivyo.

Ulikuwa mzito, karibu kilo mbili. Wa mtu mzima una takriban gramu 300 tu, kama ngumi yake, lakini mpangilio ni uleule: vyumba vinne, na vali nne, yaani vilango vinavyoizuia damu isirudi nyuma. Niliuweka kwenye beseni. Nikaingiza kidole gumba kwenye chumba kimoja cha chini, kidole cha shahada kikabaki nje, nikaubana ukuta. Ulilegea, ukakunjika. Nikahamia chumba cha pili. Huo haukukunjika. Ulikuwa mnene karibu mara tatu, vidole vikachoka kuubana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chumba cha kulia kinasukuma damu mapafuni tu, hapo jirani, na shinikizo la milimita 25 hivi za zebaki linatosha. Cha kushoto kinaifikisha utosini na kwenye kucha za miguu, kwa milimita kama 120, ile namba ya juu tunayoisoma tukimpima mtu presha. Anayebeba mzigo mzito ndiye mwenye msuli. Sikuhitaji tena kukariri picha imegeukia wapi. Natafuta ukuta mnene, najua niko kushoto.

Kisha nikamimina maji ndani ya aota kwa kikombe. Vijifuko vitatu vyembamba vikajaa, vikagusana, vikaziba njia. Maji yakasimama juu yake, halafu yakaanza kupungua polepole. Nilidhani nimeharibu vali. Kumbe juu kidogo ya vijifuko kuna matundu mawili madogo, na maji yalikuwa yakitokea humo. Ndiyo milango ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Moyo hujaa damu mchana na usiku, lakini msuli wake haushibi kwa damu inayopita vyumbani. Lazima uletewe kwa mishipa yake, kama mkono au ini. Ikiziba hiyo, mtu hupatwa na shambulio la moyo. Baba yangu mdogo alituondokea hivyo, na sikuwahi kuelewa ni nini hasa kilichoziba. Tundu lenyewe ni jembamba kuliko kidole changu kidogo. Nilikaa nikilitazama mpaka maji yakaisha.

Kulikuwa pia na nyuzi nyeupe zilizoshika vali za ndani, ngumu kama uzi wa nyavu za wavuvi wa Dunga. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba zinaivuta vali ifunguke. Si kweli. Zinaizuia isipinduke, kama mwavuli unavyopinduliwa na upepo, wakati chumba kinapojibana.

Kwenye mtihani wa vitendo tulipewa moyo uliolazwa kifudifudi kwenye trei. Wenzangu waliugeuza wakitafuta sura ya kitabuni. Mimi niliubana kwa vidole viwili nikataja upande.

Wa Kibuye ulipikwa kwa kitunguu na nyanya, tukaula na ugali tukiwa watu wanne, na vitabu vikiwa wazi kando ya sufuria. Sasa hao wanne tumechanga pesa za figo. Tumeagiza za kondoo, kwa sababu figo ya ng'ombe ina mafundo mafundo kwa nje, na ya binadamu ni laini kama ya kondoo.